Kogo Alisema Toa

Wiki jana nilinunua gari mjini Kericho, na nikapata bei nzuri. Nakuambia mapema usije ukadhani hii ni hadithi ya mtu aliyeibiwa. Siku hiyo sikuibiwa. Muuzaji aliapa kwa watoto wake kwamba bei haishuki hata shilingi, na ikashuka mara mbili mbele ya macho yangu. Nikatoka pale na ufunguo mkononi na hasira kifuani, na hasira yenyewe ningemweleza nani? Basi nakueleza wewe, rafiki yangu, unayejua kunivumilia.

Baba nilikuwa nimemkalisha langoni mwa yadi, kwenye kiti cha plastiki, na koti lake zito na kofia ya sufu, maana magoti yake siku hizi hayakubali kusimama. Muuzaji, mwanamke mchangamfu wa umri wangu, alinizungusha yadi nzima akisifu. "Hii gari ilikuwa ya daktari, madam. Ni ya kwenda kazi na kanisa tu. Ingia usikie kiti." Sikuingia. Niliinama ubavuni, nikapitisha kiganja kwenye rangi polepole, nikagonga bati kwa kifundo cha kidole. Ti. Ti. Ti. Karibu na taa ya nyuma ikalia du. Pale bati liliwahi kubonyea, likajazwa, likapakwa rangi juu. Nikaacha mkono wangu hapo hapo na kunyamaza.

Nilinyamaza mpaka yeye mwenyewe akashindwa. "Hiyo ni mchubuko tu, madam." Kimya. "Haya basi, nitakufanyia kitu." Akatoa elfu thelathini kwenye bei. Mkono haukuondoka. Akacheka, akaangalia kando, akatoa nyingine. "Ai, wewe ni mtu mgumu! Nani alikufundisha?"

Kogo ndiye aliyenifundisha. Kogo ni nyanya kwa lugha yetu ya Kipsigis, na huyu wangu alikuwa mama yake baba. Hakuwahi kumiliki gari, wala baiskeli, na viatu alivaa vya kanisani tu. Lakini kwa kununua, hakuna aliyemfikia.

Tulikaa juu kidogo ya Boito, kwenye shamba la chai lililoteremka hadi mtoni. Wewe uliyekulia kwenye chai unajua mwenyewe. Asubuhi kabla ya shule tunachuna, tumejifunga karatasi za nailoni kiunoni na bado umande unapenya hadi kwenye soksi. Jioni vikapu mgongoni hadi kituo cha kupimia majani, tunangoja lori huku tukigombania hindi moja la kuchoma. Saa tisa mvua inashuka, na siku mbaya mvua ya mawe, na watu wazima wanasimama mlangoni wakiangalia majani yakichanika. Nilikuwa na kazi ya kuosha vibuyu vya maziwa na kuvipaka masizi ya mkaa ndani, na mpaka leo nikisikia harufu ya mursik, yale maziwa lala ya kwetu, narudi jikoni kwa kogo, moshi machoni, ugali wa wimbi mkononi, mboga chungu ya saga iliyopikwa kwa maziwa pembeni. Yeye anazungumza na ng'ombe kupitia dirishani kana kwamba ni majirani.

Kogo alizaliwa pande za Chebunyo, kwenye nchi ya ng'ombe, akaolewa huku kwenye baridi. Chai aliichuna kwa sababu ilibidi. Ng'ombe aliwapenda. Akitaka kununua mmoja alirudi soko la kwao, na mara nyingine alinichukua mimi; baba, mtu wa chai, hakuwahi kwenda naye. Nilimwona akimzunguka mnyama bila haraka, hatazami uso wa muuzaji, hataji bei. Kiganja chake kilipita shingoni, mgongoni, chini ya tumbo. Wauzaji walikuwa na ujanja wao. Kovu walilipaka tope, kidonda kilichopona vibaya wakakifunika majivu. Mkono wa kogo ulipata. Ukishapata, haukuondoka, na hapo ndipo alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni, kwa sauti ya kusikika hadi kwa wauza sukari: "Iko toa!"

Alikuwa anasema doa. Kipsigis kimelala kwenye ulimi wetu na d ikipita hapo inatoka t, g inatoka k, na b usiniulize. Soko zima lilimwelewa. Wachuuzi waliotoka mbali walimtania, "Mama Toa amekuja, leo tumekwisha!" Maana alikuwa akisema, "Iko toa. Haya, toa!" Neno moja lilifanya kazi mbili, ya kwanza ya kuonyesha doa, ya pili ya kuamuru pesa itolewe kwenye bei. Na pesa ilitolewa. Mimi nilisimama nyuma yake nikijisikia mtoto wa malkia.

Halafu shule ikaniharibu. Ndiyo, nasema hivyo, na nina diploma mbili ukutani.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa mtu wa kutoka magharibi mwa nchi, mpole siku zote isipokuwa kwenye herufi. Alitusimamisha mstari mmoja, kila mtu na kipande cha karatasi mbele ya mdomo. Sema dada. Sema debe. Sema dawa. Karatasi ikiruka umesema t, na unabaki umesimama hadi kengele. Wenzangu walisimama mpaka miguu ikafa ganzi. Karatasi yangu haikuruka. Nilipewa penseli mpya, nikaitwa mbele ya wazazi kusoma, na nikaanza kuona aibu ya vitu ambavyo nilikuwa sijui vina aibu. Nikawa namrekebisha kogo mekoni. "Si kari, kogo. Ni gari." Naye anacheka mpaka anafuta machozi kwa leso: "Kari, kari! Sasa ikikupepa utashuka kwa sababu nimeiita kari?"

Mwaka ule wa penseli bonasi ya chai, malipo ya mwisho wa mwaka kutoka kiwandani, ilikuwa nzuri, na baba akasema tununue pikapu. Usidharau, pikapu ilikuwa maisha. Maziwa yetu yaliharibika yakingoja gari la watu, na majani yalilala kituoni lori likikwama kwenye tope. Mama alikuwa ameanza kuumwa mgongo kwa mizigo. Bonasi peke yake haikutosha. Kogo akauza ng'ombe wawili, wake mwenyewe, wale aliowaita kwa majina dirishani. Aliwapeleka sokoni kwa mkono wake na akarudi na pesa imefungwa kwenye leso, hakula chakula cha jioni. Akampa baba, na sharti lake lilikuwa moja tu, akalisema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Usitaje pei. Uninkoje niisunguke."

Baba hakufurahia sharti hilo. Alikuwa mtu wa suti moja, na alijua watu wa mjini wanavyotutazama. Asubuhi ya safari alitupanga mbele ya nyumba, mimi na kogo, akatuonya: kule yadini hakuna kuongea Kipsigis. Muuzaji akisikia tunanong'ona kwa lugha ataona tunamsengenya, ataona sisi ni watu wa kijiji, atapandisha bei. Ni Kiswahili tu. Kogo alimwangalia muda mrefu, kisha akasema sawa.

Yadi ilikuwa na ofisi ya mabati na mashine ya kuoshea magari iliyonguruma kama inataka kuruka. Pikapu ilisimama mbele kabisa, ya buluu, inang'aa mpaka unajiona. Wacha tu, hata mimi niliipenda. Muuzaji alivaa tai fupi na alimwita baba "mheshimiwa". Alimletea soda baridi. Alimwambia kuna mtu wa Sosiot ametoka kupiga simu sasa hivi, anakuja saa nane na pesa yote, lakini yeye ameona mheshimiwa ni mtu wa maana. "Mimi sitaki kukutesa," akasema. "Wewe niambie umekuja na ngapi, tuone tutasaidiana vipi." Na baba yangu, mtu aliyekuwa anajua hesabu ya kila kilo ya majani, akataja pesa yote tuliyokuja nayo. Ajabu, bei ya pikapu ikawa hiyo hiyo, na kwa wema wake muuzaji akamrudishia ya mafuta. Wakaingia ofisini kuandika karatasi. Baba akanigeukia mlangoni: "Kaa na kogo. Akisema kitu, njoo uniambie."

Kogo alikuwa ameshaanza kuizunguka. Kiganja kikapita juu ya boneti, kwenye mlango, kwenye ubavu wa upande wa pili ambao haukutazama ofisi. Akagonga kwa kifundo cha kidole. Akaweka sikio. Akagonga tena. Akapiga magoti kwenye maji ya sabuni na gauni lake la kanisani, akatazama chini, akainuka, akaweka mkono ubavuni na kuuacha hapo. Kisha akapaza sauti kupita ile mashine, kwa Kiswahili kama alivyoagizwa na mwanawe:

"Iko toa! Iko toa hapa! Hii kari iko toa!"

Waosha magari wakageuka. Muuzaji akatoa kichwa mlangoni, akamsikia, akapiga makofi. "Mmesikia mama? Anasema toa! Toa gari! Mama anataka tuitoe leo leo!" Wote wakacheka. Mmoja akamwigiza, "Iko toa! Kari iko toa!" na wakacheka zaidi. Kogo hakuyasikia maneno, mashine ilikuwa upande wake. Aliona meno tu, akatabasamu kwa adabu, na akaniashiria kwa kidevu: nenda, mwambie baba yako.

Nikaenda. Hatua kama kumi hivi. Baba alikuwa ameshika kalamu. "Kogo anasema nini?"

Nilijua anachosema. Nataka uelewe hapo vizuri, rafiki yangu, usinitafutie kisingizio cha utoto. Katika dunia nzima hakuna mtu aliyejua tofauti ya maneno yale mawili kuliko mimi, nilipewa penseli kwa ajili yake. Lakini wale watu walikuwa wanacheka, na yule mwanamke aliyelowa magoti alikuwa wangu, na nilitaka tu tuondoke pale. Kama ningesema "doa" wangetoka wote, wangeanza kumhoji kogo, naye angejibu kwa kile Kiswahili chake mbele ya kila mtu.

"Anasema itolewe," nikasema.

Baba akatia sahihi.

Kogo aliniona mlangoni nikiongea na baba. Kwa hiyo alipoona baba anatoka na ufunguo, alijua ameambiwa na amekataa. Mama wa mtu mzima hamgombezi mwanawe mbele ya wageni, na kogo alikuwa na heshima zake. Tulipofika nyumbani wanawake walipiga vigelegele, watoto wakaparamia nyuma, na watu wakamngoja aibariki pikapu alivyobariki kila kitu kilichoingia bomani. Akapita kando akaenda jikoni kwake. Nikaosha vibuyu siku hiyo bila kuambiwa.

Mvua ndefu haikuisha kabla rangi haijavimba. Ilianza pale pale alipoweka mkono, ikapasuka, ikadondoka vipande vipande na kitu cha kijivu ndani yake. Fundi alipoingia chini alitoka akitikisa kichwa: gari limepinduka huko lilikotoka, chesi, fremu yake ya chini, imekatwa na kuungwa. Siku moja likavunjika kwenye kilima cha barabara ya murramu na mikebe yote ya maziwa, na mama, aliyekuwa ameketi nyuma akiishikilia, mgongo wake haukupona tena. Bonasi iliyofuata ikaenda kwa fundi. Iliyofuata, hospitali. Kisha baba akauza chai ya mtoni, ile nzuri, ile iliyokuwa haikauki hata jua likiwaka.

Lakini sikiliza kilichoniua. Walianza kugombana, baba na kogo, watu ambao walikuwa hawajawahi kuinuliana sauti. Waligombana kwa Kipsigis, isipokuwa neno moja ambalo walilisema kwa Kiswahili jinsi lilivyosemwa siku ile.

"Wewe ndiye ulisema toa," baba alimwambia.

"Ndiyo. Nilisema toa."

"Na unakubali!"

"Nikatae kwa nini? Kila mtu alinisikia. Nilisema toa."

Baba akasikia mama yake akijivunia kosa lililomaliza nyumba. Kogo akasikia mwanawe akikiri kwamba alionywa na hakujali. Neno lilikuwa moja kwenye midomo yao yote miwili, hawakuwa na njia ya kujua kwamba ni mawili. Mtu wa tatu aliketi kwenye kigoda akimenya viazi. Alijua, na akaendelea kumenya.

Kogo aliacha kwenda sokoni. Alipoulizwa alisema macho, lakini macho yake yalikuwa mazima. Watu walikuja kumwomba awasindikize kununua ng'ombe, akawaambia maneno yake siku hizi hayafai kitu. Siku moja tulikuwa tunachuna chai iliyobaki, mimi mstari wangu, yeye wake, na bila kuinua kichwa akaniuliza, "Siku ile ya kari. Ulimwambia baba yako?"

"Ndiyo, kogo. Nilimwambia."

"Basi," akasema, akaendelea kuchuna. Alifariki kabla sijamaliza shule ya upili. Baba alimzika vizuri, alinunua hata sanduku la mbao nzuri, lakini hakulia, na watu waliona.

Leo ukipita kwetu utauliza njia. Penye chai ya mtoni kuna nyumba za kupangisha, za mabati mekundu, na nguo za watu nisiowajua zimeanikwa. Kituo cha majani kimehamishwa. Kwenye mashamba makubwa mashine inachuna kwa saa moja kile tulichochuna wiki nzima, bila nyimbo na bila masengenyo. Sokoni kwa kogo, bei unaipata kwenye simu kabla hujamwona ng'ombe. Vibuyu vimebaki ukutani kwa dada yangu kama mapambo, mursik tunanunua ya pakiti dukani. Haya yote naweza kuyasamehe, yangepotea tu hata kama ningekuwa mtoto mwema. Lakini mama mtu na mwanawe walikuwa wanaelewana, na wale niliwapoteza mimi.

Wiki jana, basi, tukawa tunarudi na gari langu jipya, baba amekaa mbele amefungwa mkanda, anafurahi kwa namna ambayo sikuwa nimeiona miaka mingi. Aliona kila kitu kutoka kwenye kile kiti chake langoni. "Yule mama ulimkamua vizuri," akasema. "Ulijifunza wapi mambo ya kugonga gonga?"

"Kwa kogo."

Akaguna. "Kogo yako alijua ng'ombe. Gari hakujua. Si ndiye alisema toa?"

Nikasimamisha gari kando ya barabara. Nina watoto wakubwa kuliko nilivyokuwa siku ile. Nikazima injini. Nikamwambia. Nilimwambia kwa Kipsigis, polepole, yote: rangi iliyofunika, magoti kwenye maji ya sabuni, waosha magari, hatua zangu kumi. Nikamwambia kwamba mama yake aliona, alisema, na mimi ndiye niliyemdanganya. Na nikamwambia kwamba wakati wote wakigombana nilikuwa nimekaa hapo hapo.

Alivua kofia akaiweka magotini. Niliogopa kwamba atanilaani, ana haki hiyo, na ningeinama nikaipokea. Malori yalitupita, gari likatikisika, likatulia.

"Alisema nini?" akauliza hatimaye.

"Doa."

"Toa?"

"Doa, baba. Doa la rangi."

Akageuka akautazama mdomo wangu, jinsi tulivyokuwa tukiutazama wa mwalimu. Nikalirudia neno. Akalowesha midomo yake mikavu, akajaribu, akaacha, akajaribu tena, na machozi yalikuwa yameshafika kwenye kidevu.

"Toa," akasema. "Mama alisema toa."